Mboni Isiyojali Mwanga: Kaswende Inapofika Kwenye Neva za Macho

Mkazi wa Usenge akianza kuona vitu viwili viwili, jambo la kwanza analoshauriwa ni kutafuta miwani. Mwingine atamwambia ni uchovu wa kukesha ziwani, na wa tatu atasema ni presha. Mara nyingi mmoja wao huwa amesema kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo watu hawaitaji kwa urahisi, kwa kuwa ilianza na kidonda kidogo kisichouma, sehemu za siri, kilichopona chenyewe miaka mingi iliyopita na kusahaulika. Sababu hiyo ni kaswende iliyofika kwenye ubongo na neva. Kwa Kijaluo ugonjwa huu hujulikana kama nyach, na wengi huufikiria kuwa ugonjwa wa vidonda tu. Wachache wanajua kwamba unaweza kumfanya mtu aone taa mbili mahali penye taa moja.

Kwa mvuvi wa omena jambo hili si dogo. Kazi yake ni ya usiku, na anaongozwa na taa zinazoelea juu ya maji. Nahodha anayeona taa mbili hajui ni ipi ya kweli, na anayerudi kutoka kisiwa cha Mageta gizani anahitaji macho mawili yanayokubaliana.

Jinsi ugonjwa unavyosafiri

Kaswende husababishwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama skrubu. Alitambuliwa mwaka wa 1905 na wanasayansi wawili wa Ujerumani, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Huingia mwilini hasa kwa njia ya kujamiiana, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, hutokea kidonda kigumu kisicho na maumivu. Kwa mwanamke kidonda hicho kinaweza kuwa ndani, asikione kabisa. Hupona bila dawa. Wiki au miezi kadhaa baadaye huja mapele, mara nyingi hadi kwenye viganja na nyayo, pamoja na homa na mtoki. Hayo nayo huondoka yenyewe. Hapo mgonjwa hushukuru Mungu na kuendelea na shughuli zake, huku ugonjwa ukiwa umejificha tu.

Bakteria hao huweza kuingia kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo mapema sana, hata katika miezi ya mwanzo. Kwa watu wengi kinga ya mwili huwaondoa huko. Kwa wengine hubaki. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba kaswende ya neva ni ugonjwa wa wazee peke yao. Mtu anaweza kupata uvimbe wa utando wa ubongo, jicho jekundu lenye maumivu au masikio kuziba ghafla katika mwaka wa kwanza wa maambukizi. Mwingine hupata kiharusi akiwa bado kijana, miaka mitano au kumi baadaye, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imevimba. Wengine hukaa miaka kumi na tano, ishirini au zaidi, kisha akili huanza kubadilika, au miguu hupoteza hisia na mtu akatembea akiyumba kama mlevi, hasa gizani ambapo macho hayamsaidii kujua mguu uko wapi.

Mabadiliko ya akili ndiyo huleta ugomvi mkubwa katika familia. Mtu aliyekuwa mpole huanza matusi, hutawanya pesa, husahau. Wapo wanaosema ni chira, na mgonjwa hupelekwa kote isipokuwa hospitalini. Jicho lake, kama kungekuwa na mtu wa kulimulika, huenda lingesema ukweli mapema.

Tundu jeusi katikati ya jicho

Mboni ni tundu lile jeusi katikati ya jicho. Penye giza hupanuka ili mwanga mwingi uingie, na penye mwanga mkali husinyaa. Husinyaa pia mtu anapotazama kitu kilicho karibu sana, kwa mfano anapotunga uzi kwenye sindano au anaposhona wavu. Kwa hiyo mboni hupokea amri mbili tofauti, moja ya mwanga na nyingine ya ukaribu, na kila amri ina njia yake ndani ya ubongo.

Mwaka wa 1869 daktari wa macho wa Edinburgh, Uskoti, aitwaye Douglas Argyll Robertson, aliandika habari za wagonjwa ambao mboni zao zilikuwa ndogo na hazikusinyaa zilipomulikwa, lakini zilisinyaa vizuri mgonjwa alipotazama kitu cha karibu. Wagonjwa hao walikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ambao baadaye ulithibitishwa kuwa unatokana na kaswende. Mpaka leo madaktari huiita mboni hiyo kwa jina lake.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Njia ya amri ya mwanga hupita sehemu ya nyuma ya ubongo wa kati, na njia ya amri ya ukaribu hupita mbele zaidi. Kaswende huharibu ile ya nyuma na kuiacha ya mbele ikiwa nzima. Ni kama kijiji chenye njia mbili za kwenda ziwani: mafuriko yakikata moja, maji bado yatachotwa kupitia nyingine, na mtu anayetazama mitungi iliyojaa nyumbani hatajua kwamba kuna njia iliyokatika. Mgonjwa mwenyewe huwa hajui. Mboni hizi haziumi, na mara nyingi anaendelea kuona vizuri. Kwa kawaida macho yote mawili huathirika, ingawa huenda mboni moja ikawa ndogo kuliko nyenzake, na umbo lake huwa si duara safi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mtu huketi chumbani penye mwanga hafifu na kutazama ukuta wa mbali. Mhudumu huleta tochi kutoka pembeni, jicho moja kisha jingine, akiangalia kama tundu linasinyaa. Baada ya hapo tochi huwekwa kando, na mtu huyo hutazama ukutani, kisha kidole kilichowekwa kama sentimita kumi na tano mbele ya pua yake. Mboni iliyokataa tochi ikitii kidole, kuna jambo la kuchunguzwa. Tahadhari moja: mboni za mzee ni ndogo kwa kawaida, na matone ya baadhi ya dawa za macho huzifinya, kwa hiyo anayejaribu nyumbani asijipe jina la ugonjwa. Kisukari pia kinaweza kuleta hali inayofanana na hii. Tochi ya simu inatosha kumfanya mtu aende kituo cha afya, lakini haitoshi kumwambia ana nini.

Macho yanapoacha kwenda pamoja

Kila jicho husukwa na misuli sita, na misuli hiyo huendeshwa na neva tatu zinazotoka kwenye shina la ubongo. Madaktari huzitaja kwa namba: neva ya tatu, ya nne na ya sita. Hupita chini ya ubongo, na hapo ndipo utando unapovimba kwa sababu ya kaswende huzibana au kuzinyima damu.

Neva ya sita ikidhoofika, jicho haliwezi kugeuka kuelekea nje. Mtu huona vitu viwili vilivyo kando kwa kando, na hali huwa mbaya zaidi anapotazama mbali, kama vile anapotafuta ufuo akiwa katikati ya maji. Neva ya nne ikiathirika, vitu huonekana kimoja juu ya kingine, hasa anapotazama chini. Kushuka kutoka kwenye boti huwa shida, na mgonjwa huinamisha kichwa upande mmoja bila kujua kwa nini. Neva ya tatu ndiyo yenye kazi nyingi zaidi. Ikishindwa, ukope huanguka na kufunika jicho, jicho lenyewe huelekea nje na chini, na wakati mwingine mboni hupanuka na kubaki hivyo.

Hali hii ya mwisho haipaswi kusubiri. Ukope ukianguka ghafla, mboni ikawa kubwa na kichwa kikauma sana, huenda mshipa wa damu ndani ya kichwa umevimba na unakaribia kupasuka, jambo lisilohusiana na kaswende kabisa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ipo njia rahisi ya kutenganisha tatizo la miwani na tatizo la neva. Anayeona vitu viwili afunike jicho moja kwa kiganja. Kikibaki kitu kimoja, na kikawa kimoja pia anapofunika jicho la pili, basi macho yake hayaendi pamoja, na miwani ya kununua sokoni haitamsaidia. Vitu vikiendelea kuwa viwili hata jicho moja likiwa limefunikwa, tatizo kwa kawaida liko ndani ya jicho lenyewe, kwa mfano mtoto wa jicho.

Kaswende si sababu pekee ya macho kutokwenda pamoja, wala si ya kwanza katika orodha. Kisukari, shinikizo la damu, ajali ya kichwa, uvimbe kichwani na homa ya uti wa mgongo huleta hali hiyo hiyo. Kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ni hatari kubwa na lazima itafutwe haraka. Kinachoombwa ni kwamba kipimo cha kaswende kisiachwe nje ya orodha hiyo kwa sababu ya aibu. Ni cha bei nafuu, na katika sababu zote zilizotajwa, hii ni mojawapo ya chache zinazoweza kuuawa kabisa kwa dawa.

Kaswende huweza pia kushambulia jicho lenyewe na neva ya kuona. Jicho huwa jekundu, mwanga huuma, vitu vyeusi huelea mbele ya macho au uwezo wa kuona hupungua kidogo kidogo. Hapa kuchelewa kunaweza kuleta upofu.

Kutoka Mulago hadi Vienna

Ugonjwa huu si mgeni katika nchi zinazolizunguka ziwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wa kikoloni waliripoti kaswende nyingi mno nchini Uganda, na Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianza mwaka wa 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Wanahistoria wengi sasa wanaona kwamba idadi zilizotajwa wakati huo zilitiwa chumvi, kwa sababu buba, ugonjwa wa ngozi wa watoto usioambukizwa kwa kujamiiana, ulihesabiwa pia kuwa kaswende. Bakteria wa buba ni ndugu wa karibu wa yule wa kaswende, na kipimo cha damu hakiwezi kuwatofautisha. Jambo hilo halijapitwa na wakati: mzee aliyeugua buba utotoni anaweza kuwa na kipimo kinachosema ana kaswende, na familia ikaanza kulaumiana bure.

Kabla ya penisilini, waliofikwa na kaswende ya ubongo walikuwa na tumaini dogo. Mwaka wa 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alianza kuwaambukiza malaria kwa makusudi ili homa kali iwaue bakteria, kisha akawapa kwinini. Baadhi walipata nafuu, wengine walikufa kwa malaria yenyewe, na mwaka wa 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Msomaji wa kando ya ziwa, anayeijua malaria kwa jina na kwa tabia, atashangaa kwamba kulikuwa na siku ambapo ilihesabiwa kuwa dawa. Penisilini ilipoanza kutumika dhidi ya kaswende mwaka wa 1943, mambo hayo yalianza kuachwa. Na zaidi ya miaka 80 baadaye, bakteria wa kaswende bado hajajifunza kuishinda penisilini.

Sindano moja na dripu ya wiki mbili

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kaswende ya mwanzo hutibiwa kwa dozi moja ya penisilini ya kukaa mwilini muda mrefu, yuniti milioni 2.4, inayodungwa kwenye matako. Iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja au mbili, au isiyojulikana ilianza lini, huhitaji dozi hiyo mara tatu, wiki kwa wiki. Lakini dawa hiyo haifiki ya kutosha kwenye majimaji ya ubongo. Aliye na dalili za macho, masikio au neva huhitaji penisilini ya kupitia mshipa, yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, akiwa amelazwa. Kwa hiyo mgonjwa anayeona vitu viwili, akadungwa sindano moja na kuambiwa amepona, hajatibiwa ugonjwa alio nao. Na vidonge vichache vilivyonunuliwa dukani bila kipimo havitibu chochote. Huondoa wasiwasi tu.

Uchunguzi huanza na tone la damu la kidole. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda wa dakika kama 20. Kina udhaifu wake: mtu aliyewahi kuugua na kutibiwa hubaki na alama maisha yake yote, kwa hivyo kipimo cha pili huhitajika kuonyesha kama ugonjwa bado unaendelea na kufuatilia kama dawa imefanya kazi. Mgonjwa akiwa na dalili za neva, daktari huweza kuomba majimaji ya uti wa mgongo.

Watu wengi hukataa hatua hii. Wanaamini kuchomwa mgongoni huleta kupooza. Sindano hiyo huingizwa sehemu ya chini ya kiuno, chini ya mahali uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Kinachochotwa ni majimaji kiasi cha vijiko viwili au vitatu vidogo, na mwili hutengeneza takriban nusu lita ya majimaji hayo kila siku. Maumivu ya kichwa kwa siku moja au mbili huwapata baadhi ya watu. Aliyepooza baada ya kipimo mara nyingi alikuwa amefika hospitalini akiwa tayari mgonjwa sana.

Saa chache baada ya dozi ya kwanza, baadhi ya wagonjwa hupata homa, baridi na maumivu ya mwili. Huwa ni matokeo ya bakteria wengi kufa kwa pamoja, na huisha ndani ya siku moja. Wengine hukimbia matibabu wakidhani wamewekewa sumu. Hata hivyo, aliyewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya penisilini lazima amwambie mhudumu kabla ya kudungwa.

Kuhusu matarajio, ni vyema mgonjwa aambiwe ukweli. Macho yasiyokwenda pamoja kwa sababu ya uvimbe wa karibuni mara nyingi hupata nafuu katika wiki au miezi inayofuata. Mboni iliyokwisha kuacha kuitikia mwanga kwa kawaida haibadiliki, hata bakteria wote wakifa, wala haina madhara yenyewe. Uwezo wa kuona uliopotea kwa neva kufa haurudi. Dawa husimamisha ugonjwa pale ulipofika, na hiyo ndiyo sababu tofauti ya miezi mitatu ni kubwa.

Wanaume hawapimwi

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2007 uligundua kaswende kwa asilimia 1.8 ya watu wazima nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu wazima milioni 8 duniani waliambukizwa, na mimba zaidi ya 390,000 ziliishia kwa kifo cha mtoto, uzazi wa kabla ya wakati au mtoto mgonjwa. Kwa sababu hiyo kila mama mjamzito hupimwa kaswende na virusi vya ukimwi anapohudhuria kliniki mara ya kwanza, mara nyingi kwa tone moja la damu.

Utaratibu huo umeokoa watoto wengi, lakini umeacha pengo. Katika nyumba nyingi, kijitabu cha kliniki cha mama ndicho mahali pekee ambapo neno kaswende limewahi kuandikwa. Mwanamume hana kliniki ya kumlazimisha. Hufuata samaki kutoka Usenge hadi Wichlum, Luanda Kotieno au upande wa Uganda, hulala anapopata pa kulala, na jaboya, ile desturi ya mwanamke kulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki, huunganisha fuo zote hizo kwa mnyororo mmoja wa maambukizi. Kumlaumu mwanamke mwenye beseni ni kukosea mlango, kwa kuwa mwenye boti na mwenye samaki ndiye anayeweka masharti. Mama akitibiwa na mwenzake akaachwa, ataambukizwa tena, kwani kuugua kaswende mara moja hakumkingi mtu.

Anayeishi na virusi vya ukimwi anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu kaswende huweza kufika kwenye macho na neva zake kwa urahisi na kwa haraka. Akiwa tayari anachukua dawa kliniki, anaweza kuomba kipimo cha kaswende siku hiyo hiyo.

Mkazi mwenye dalili zilizoelezwa hapa aanze katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kumwelekeza, na hawahitaji kuambiwa habari zake za zamani ili wamwandikie rufaa. Atakapofika kwa mhudumu ndipo atakapohitaji kusema yote: kidonda cha zamani, mapele, dawa alizowahi kutumia na mwaka kama anaukumbuka. Kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali ya Bondo, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Siaya, au Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, kulingana na hali ya macho yake. Mwenza wake apimwe pia. Asiendeshe boti wala pikipiki mpaka macho yakubaliane tena. Akilazimika kutembea au kufanya kazi, kitambaa safi juu ya jicho moja humwondolea picha ya pili. Baada ya matibabu damu hupimwa tena miezi 3, 6 na 12 baadaye, kwa hiyo karatasi ya majibu ya kwanza itunzwe pamoja na kitambulisho, mahali ambapo maji ya ziwa hayataifikia.